Jitu Lenye Mtu Ndani

Mchezo ni neno dogo, na watu wazima wengi hulitaja kwa dharau. Husema, "Acha mchezo, fanya kazi," kana kwamba mambo hayo mawili ni maadui wasioweza kulala nyumba moja. Nami nilikuwa mmoja wa wasemao hivyo. Nimefundisha Kiswahili kwa miaka 28, na katika muda huo wote niliuona mchezo kuwa ni mwizi wa saa za wanafunzi. Leo naandika kukusimulia jinsi mchezo mmoja ulivyonifunza somo la sarufi nililodhani nalijua, pamoja na somo la utu nililopaswa kulijua zamani. Nakuomba unisikilize hata mwisho, ndipo utoe hukumu yako.

Nakaa Lucky Summer, katika eneo la Ruaraka, jijini Nairobi. Jina la mtaa wetu maana yake ni kiangazi chenye bahati, na mtu asiyeujua angedhani kuwa ni mahali pa mapumziko. Kumbe ni mtaa wa ghorofa zilizosongamana, kamba za nguo kutoka dirisha hata dirisha, na vibanda vya mboga vinavyofunguliwa kabla ya jua kuchomoza. Jirani zetu ni Korogocho, Ngomongo na Baba Dogo penye viwanda. Jaa la Dandora nalo si mbali, na upepo ukivuma kutoka huko hutuletea moshi wake bila ya kubisha hodi. Walakini ni mtaa wa watu wenye bidii. Alfajiri utawaona vijana wakishika njia ya Baba Dogo kwa miguu, kwenda kusimama mbele ya malango ya viwanda kutafuta kibarua cha siku.

Mwaka 2019 dada yangu alifariki dunia, akaacha mtoto mmoja wa kiume mwenye umri wa miaka 14. Nilimchukua mpwa wangu huyo, nikamsomesha, na mwaka 2022 akamaliza kidato cha nne. Alifaulu, lakini kufaulu kwake hakukuwa kwa kiwango cha kufungua mlango wa chuo bila ya ada, na ada sikuwa nayo. Basi naye akajiunga na wale wa alfajiri. Mchana alibeba magunia kiwandani. Usiku aliketi mbele ya kompyuta kuukuu aliyoinunua kwa akiba yake, akabofya hata saa sita.

Nilipopita nyuma yake niliona mambo ya ajabu kwenye kioo. Niliona nyika yenye vilima na miji iliyobomoka, na majitu ya chuma yakitembea, kila moja refu kama ghorofa kumi. Mtu mdogo, kama siafu, alipanda ngazi, akaingia katika kifua cha jitu, akaliendesha. Punde jitu lilipigwa likaanguka, mtu yule akafa, na mpwa wangu akaanza upya na mtu mwingine, na nyika nyingine, na miji mingine. Nikasema moyoni, huyu kijana amepotea. Mama yake amemwacha mikononi mwangu, nami namtazama akichezea maisha yake.

Usiku mmoja wa mwaka 2023 nilirudi nimechoka, mkononi nina karatasi za mtihani za kusahihisha, kichwani nina deni la kodi ya nyumba. Nikamkuta akicheka peke yake mbele ya kioo. Hasira ikanipanda. Sikumwuliza neno, nilinyosha mkono, nikauchomoa waya ukutani. Kioo kikawa cheusi. Kijana alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Sawa, Mjomba," akaenda kulala. Msomaji, nimetukanwa katika maisha yangu, lakini hakuna tusi lililonichoma kama ile "sawa".

Siku ya pili kompyuta ilikataa kuwaka. Ilipowaka, baada ya fundi kuishughulikia, sehemu kubwa ya kazi ya miezi miwili ilikuwa imeharibika. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuwa akicheza. Alikuwa akitengeneza. Mchezo ule ulikuwa wake mwenyewe, na kila mara niliyomwona akifa na kuanza upya alikuwa akiijaribu kazi yake, kama seremala ajaribuvyo kiti kwa kukikalia. Nilimwomba radhi. Alinijibu kwa adabu, lakini kwa majuma mawili mazungumzo yetu hayakuvuka salamu.

Jumapili moja jioni alikuja na daftari. Hakuja kwa kuwa amekwisha kunisamehe. Alikuja kwa kuwa alihitaji mtu anayejua ngeli. Ili uelewe haja yake, yanipasa nikueleze kwanza namna ya mchezo wenyewe, kama alivyonieleza yeye.

Yapata mwaka 1980, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Michael Toy na Glenn Wichman, walitunga mchezo wa kompyuta uitwao Rogue; baadaye akajiunga nao Ken Arnold. Haukuwa na picha. Mchezaji alikuwa alama moja tu kwenye kioo, na mazimwi yalikuwa ni herufi kubwa, kuanzia A hata Z. Lakini ulikuwa na mambo mawili yaliyoushangaza ulimwengu. Kwanza, vyumba na njia za pango havikuwa vimechorwa na mtu. Kompyuta ilivipanga upya kila mchezo ulipoanza, kwa kanuni na bahati nasibu, hata watungaji wenyewe wasijue kilichomo. Pili, aliyekufa amekufa. Hakuna kurudi nyuma hatua moja kusahihisha kosa. Michezo yote iliyofuata desturi hiyo huitwa kwa jina la mzee wao huyo.

Mpwa wangu alitaka kuivusha kanuni hiyo kutoka katika vyumba na njia, aitie katika hadithi. Alitaka kompyuta ipange upya hata visa: nani amemsaliti nani, mji upi umeungua, deni la nani halijalipwa. Nikamwambia kwamba jambo hilo haliwezekani, maana hadithi hutungwa na mtu. Akaniuliza, "Mjomba, bao lina kete ngapi?" Nikajibu kwamba lina kete 64 na mashimo 32. "Na kanuni zake hubadilika?" Nikasema hazibadiliki. "Umepata kuona michezo miwili inayofanana tangu mwanzo hata mwisho?" Nikanyamaza, maana sijapata kuona.

Kisha akanionyesha hesabu yake. Ukiwa na watendaji 10, vitendo 10, mahali 10 na sababu 10, kompyuta yaweza kuunganisha sentensi 10,000 zilizo mbalimbali. Lakini, alisema, bahati peke yake haitungi hadithi, hutoa makelele. Kwa hiyo kompyuta lazima ikumbuke. Ikiwa leo umemnyima maji mtu wa kijiji fulani, jina lake huandikwa mahali, na siku utakayoanguka karibu na kijiji hicho, yeye ndiye atakayekuja mlangoni mwako akiwa na kibuyu, au akiwa na panga. Bahati huleta tukio, kumbukumbu huligeuza kuwa kisa. Nilistaajabu. Katika miaka yangu ya kufundisha utungaji sijapata kulisema jambo hilo kwa maneno machache hivyo.

Shida yake ilikuwa lugha. Zana alizozitumia zilitengenezwa na watu ambao katika lugha yao waweza kuondoa nomino moja na kutia nyingine bila ya kitenzi kushtuka. Kiswahili hakikubali. Daftari lake lilijaa sentensi zilizotungwa na kompyuta yake: "Kiwanda alianguka." "Mto walifurika." "Majitu limekuja kutoka kaskazini." Nilicheka, naye akacheka, na kicheko hicho kilikuwa cha kwanza baina yetu tangu usiku ule wa waya.

Tukaanza kazi. Kila nomino tuliipa ngeli yake, na kila kitenzi tukakiachia nafasi mbele ili kiambishi kiingie chenyewe: kiwanda kili-, mto uli-, miti ili-, daraja lili-, majitu yali-. Nilikuwa nikirudi kutoka shuleni, naye kutoka kiwandani na vumbi la saruji nyusini, tukala, kisha tukaketi mezani hata usiku. Kwa mara ya kwanza niliona sarufi yangu ikifanya kazi, kama gurudumu linavyofanya kazi. Ukikosea kiambishi kimoja, mji mzima ulianguka kwa Kiswahili kibovu.

Nilimwuliza pia kwa nini amechagua majitu ya chuma, mambo ya kigeni, ilhali sisi tuna hadithi zetu. Akanijibu kwamba hata neno roboti si geni kwetu kwa maana yake. Lilitolewa na Karel Čapek, mwandishi wa nchi ya Wacheki, katika tamthilia yake ya mwaka 1920, nalo latokana na neno la Kicheki la kazi ya kulazimishwa. Nikamwambia kwamba Kiswahili kina neno lake: shokoa. "Basi," akasema, "roboti ni mtu wa shokoa. Babu zetu wanamjua." Akaendelea kunikumbusha Luanda Magere, shujaa wa hadithi za Waluo, aliyekuwa na mwili wa jiwe usiopenywa na mkuki, hata maadui walipogundua kwamba uhai wake u katika kivuli chake. Kadhalika alinikumbusha katuni ya Andrew Kaggia ya mwaka 2011, iitwayo Wageuzi, ambamo wanasiasa wa Kenya waligeuka majitu ya chuma wakapambana. Hapana shaka Wajapani ndio walioliendeleza jambo hili kuliko wote. Mwaka 1956 Mitsuteru Yokoyama alichora jitu la chuma lililoongozwa kwa mbali na mtoto mwenye kisanduku mkononi. Mwaka 1972 Go Nagai akaleta jitu liitwalo Mazinger Z, na safari hii mwendeshaji hakusimama mbali. Aliketi kichwani mwa jitu lenyewe, na jitu likipigwa, naye alitikisika.

Hilo la mwisho ndilo lililotufikisha kwenye swali gumu. Usiku mmoja kijana aliinua uso, akauliza, "Mjomba, jitu ni 'a' au ni 'li'? Niandike jitu alianguka, au jitu lilianguka?"

Nilijibu upesi, kama mwalimu. Nilisema kwamba viumbe wenye uhai huchukua upatanisho wa mtu, kwa hiyo twasema kipofu alikuja, kiboko alilala. Lakini neno likikuzwa, kama mtu akiitwa jitu, aghalabu tutasema jitu lile lilikuja, kwa kuwa twautazama ukubwa wake kuliko utu wake. "Kwa hiyo ni 'li'," nikamalizia, nikarudia kikombe changu cha chai.

Hakuandika. Akasema, "Lakini kuna mtu ndani."

Nikakiweka kikombe chini. Akaendelea kwa sauti ndogo, bila ya kunitazama. Alisema kwamba siku ya mazishi ya mama yake, watu wote waliokuwa wamesimama barabarani walisema, "Mwili umefika." Yeye alikuwa mtoto wa miaka 14, na alingoja mtu mmoja aseme, "Amefika." Hakuna aliyesema. Asubuhi ya Jumatatu mama yake alikuwa "a", na Jumatano alikuwa "u", na hakuna mtu aliyemweleza ni nani aliyelibadili. Tena alisema kwamba mbele ya lango la kiwanda mnyapara huhesabu vijana kwa kidole na kuita, "Vichwa ishirini viingie." Havitaki majina, vichwa hivyo. Na kila asubuhi yeye huvuka lango lile akiwa "ki", na jioni hutoka akitafuta mahali pa kuwa "a" tena.

Msomaji, mimi ndimi niliyesema "Mwili umefika". Nakumbuka vizuri. Nilisimama mbele ya gari, nikawatangazia jamaa, na sarufi yangu ilikuwa sahihi. Nami ndimi niliyechomoa waya bila ya kumwuliza kijana swali moja, kwa maana usiku ule nilipomwona mbele ya kioo, niliona kosa lililoketi kitini, sikumwona mtu. Nilimwambia hayo yote. Nilimwambia pia kwamba nilisema "umefika" kwa kuwa kama ningesema "amefika" nisingeweza kusimama. Hatukulia. Tulikaa kimya, na nje tulisikia matatu ya mwisho ikipiga honi.

Kisha tukaitunga kanuni, nayo ipo katika mchezo hata leo. Jitu lisilo na mtu ndani ni chuma, nalo huchukua "li": jitu lile lilisimama mlimani. Mtu akiingia kifuani mwake, maandishi yote hubadilika: jitu yule aliinua mkono, jitu yule aliogopa. Na mtu huyo akifa, sentensi inayofuata hurudi: jitu lile liliinama, likatulia. Hakuna tarumbeta wala maneno makubwa. Mchezaji husoma kiambishi kimoja tu, akajua kwamba amebaki peke yake. Najua kwamba wataalamu waweza kunihoji juu ya kanuni hii, nami niko tayari kuhojiwa.

Liko jambo jingine aliloliongeza. Katika mchezo mmoja wa kizazi cha Rogue, uitwao NetHack, uliotolewa mwaka 1987, mchezaji akifa yumkini pango alilofia huhifadhiwa pamoja na mali zake, na mchezaji mwingine aweza kulifikia siku za mbele. Mpwa wangu aliitia desturi hiyo. Jitu lililoanguka halifutwi. Hubaki nyikani likipata kutu, na shujaa wa baadaye, ambaye hakumjua aliyekufa, aweza kuingia kifuani mwake, akakuta humo daftari la maneno aliyoyaacha. Siku ya kulijaribu nilipewa niongoze mimi. Nilikufa mara tatu kwa uzembe. Mara ya nne nilikuta jitu la zamani bondeni, nikaingia, na kompyuta ikanitolea maneno ya marehemu, iliyoyaokota kwa bahati kutoka katika mamia ya maneno tuliyoyatia. Yalisema: "Ukila, mbakishie anayechelewa." Nililijua neno hilo. Dada yangu alilisema kila jioni alipofunika sahani. Kijana alikuwa amelitia kati ya mengine, bila ya kuniambia, na bahati ikaniletea mimi.

Labda waniuliza mchezo huo umemletea nini. Sitakudanganya kwa hadithi ya utajiri. Haujakamilika, kompyuta ni ileile kuukuu, na angali aenda Baba Dogo alfajiri. Vijana wachache wa mtaa huja Jumamosi kuujaribu, wakafa, wakabishana, wakamwonyesha makosa. Kwa fedha alizoziweka ameanza masomo ya jioni ya kompyuta, nami nalipa nusu. Baina yetu hakuna tena "sawa" ile ya usiku ule.

Basi wewe uliye kijana, ukipenda michezo, nakuomba uitazame kwa jicho la fundi na si la mlaji peke yake; uliza nani aliyeitengeneza, kwa kanuni gani, na kwa lugha ya nani. Na wewe uliye mzazi au mwalimu, kabla hujanyosha mkono kuchomoa waya, uliza kwanza mtoto anafanya nini. Swali halina gharama. Waya una gharama.

Zaidi ya hayo, kumbuka kwamba kila mmoja wetu ameingia katika visa asivyovichagua. Sikuchagua Lucky Summer, wala mpwa wangu hakuchagua mwaka 2019. Mambo hayo yalitufikia kama kete zinavyolifikia shimo. Lililo letu ni kukumbuka, na kutendeana kama watu wenye roho moja tu isiyorudiwa. Ukutanapo na mtu asubuhi, langoni, garini au darasani, hata akiwa amefunikwa na vumbi, au na cheo, au na kosa, mtafutie kiambishi chake cha haki. Mna mtu ndani.